Tuko Wapi? Somo Juu ya GPS Barabarani na Wakati wa Dharura



Tuanze na swali. Tuseme ni saa nane za usiku, mvua inanyesha, na mama amejifungua nyumbani huko ndani, mbali kidogo na barabara kuu ya Eldoret kwenda Webuye. Damu haikomi. Jirani ana simu, namba ya ambulensi anayo, na kwa bahati nzuri simu inapokelewa. Neno la kwanza analoulizwa ni hili: "Mko wapi?"

Sasa ajibu nini? Atasema, "Ukifika Kipkaren..." Kipkaren gani? Iko Kipkaren hapa hapa mjini Eldoret, na iko Kipkaren River kule mbele kwenye njia ya Webuye. Makutano nayo iko karibu na Timboroa, na iko nyingine Kapenguria. Ataendelea, "Ukate kushoto kwenye posho mili, halafu uulize kwa mwalimu." Usiku wa manane utamwuliza nani? Posho mili imefungwa, mwalimu amelala, na mbwa wamefunguliwa.

Tusidharau maelezo ya namna hii. Mchana ndiyo yanayotufikisha kila mahali, kwenye matanga na kwenye harusi. Lakini usiku, kwa dreva mgeni, yanakula dakika nyingi, na mama anayetokwa na damu nyingi baada ya kujifungua anaweza kufa kwa muda wa saa mbili tu, au hata chini ya hapo.

Wataalamu wa afya ya uzazi hutufundisha kwamba akina mama hufa kwa sababu ya kuchelewa kwa namna tatu: kuchelewa kuamua kwenda hospitali, kuchelewa kufika, na kuchelewa kuhudumiwa baada ya kufika. Somo letu la leo linahusu kuchelewa kwa pili peke yake. Kwa ya kwanza na ya tatu GPS haina msaada, na yeyote atakayekuambia ina msaada anataka kukuuzia kitu.

GPS ni nini, na si nini

Juu yetu, kama kilomita 20,200 angani, kuna setilaiti zaidi ya 24 za Marekani zinazoizunguka dunia mara mbili kwa siku. Mpango huo ulikamilika rasmi mwaka 1995. Kila setilaiti ina saa yenye usahihi wa ajabu, nayo hutangaza bila kupumzika: mimi ni fulani, niko mahali hapa, na saa yangu inasema hivi. Simu yako husikiliza matangazo hayo, hupima kila moja limetumia muda gani njiani, na kwa kulinganisha setilaiti nne au zaidi inajua yenyewe iko wapi. Si mchezo, kwa maana saa ikikosea sehemu moja ya milioni ya sekunde, hesabu inakosea mita 300 hapa chini.

Zamani Wamarekani walikuwa wakiyavuruga kwa makusudi matangazo ya raia, kwa sababu za kijeshi, na kifaa cha kawaida kingeweza kukosea kwa mita 100 hivi. Waliacha Mei 2000. Leo simu ikiwa mahali pa wazi hukosea kwa mita chache tu. Warusi, watu wa Ulaya na Wachina nao wana setilaiti zao, na simu nyingi za siku hizi husikiliza zote pamoja.

Hapa pana jambo ambalo watu wengi hulikosea, kwa hiyo tulitazame polepole. GPS husikiliza tu, haisemi. Redio yako ya nyumbani inapokea KBC, lakini KBC haijui kama umeiwasha au umeizima. Vivyo hivyo setilaiti haijui kama wewe uko Turbo au uko Ziwa. Ili mtu mwingine ajue ulipo, lazima kitu cha pili kifanye kazi, nacho ni laini ya simu. Traka inayofungwa kwenye gari ni vitu hivyo viwili katika kisanduku kimoja: sikio la kusikiliza setilaiti, na mdomo wa kusema kwa laini. Mdomo ukikosa salio au mtandao, sikio linaendelea kujua mahali lilipo lakini halimwambii mtu.

Kwa hiyo hata kule kwenye mikunjo ya Bonde la Kerio ambako mtandao hupotea, simu yako inaweza kukupa namba za mahali ulipo, ingawa bila intaneti inaweza kuchukua dakika kadhaa kuzipata. Ziandike kwenye karatasi, upande mahali palipo na mtandao, uzitume. Na ujumbe mfupi wa kawaida mara nyingi hupita mahali ambapo WhatsApp imegoma.

Kontena linajulikana liko wapi

Wengi wetu huona malori ya mizigo yakipita Eldoret mchana na usiku kuelekea Malaba na Uganda. Tangu mwaka 2017 mamlaka za kodi za Kenya, Uganda na Rwanda zina mfumo wa pamoja wa kufuatilia mizigo inayopita nchini kwenda nchi nyingine. Kontena hufungwa kufuli ya elektroniki yenye GPS na laini. Njia ambayo lori linatakiwa kufuata imechorwa kwenye kompyuta. Lori likiacha njia hiyo, au mtu akijaribu kufungua kufuli, habari zinafika kwenye kituo cha kufuatilia, na askari wa doria walio karibu wanaambiwa waende.

Hebu tulitafakari hilo. Kontena la mitumba likikata kona lisipotakiwa pale Turbo, kuna mtu mbele ya kompyuta anayejua. Mama anayetokwa na damu kilomita chache kutoka kona hiyo hiyo, hakuna anayejua aliko. Hatusemi haya kwa kulaumu mtu. Kodi lazima ilindwe. Tunasema ufundi wenyewe si wa mbali, unapita mlangoni petu kila siku ukiwa umefungwa kwenye mlango wa lori.

Tena katika mambo ya afya wamekwisha kuutumia hapa hapa. AMPATH ni ushirikiano wa Chuo Kikuu cha Moi, Hospitali ya Mafunzo na Rufaa ya Moi na vyuo vya ng'ambo vikiongozwa na Chuo Kikuu cha Indiana, na ulianza mwaka 2001 kupambana na Ukimwi. Wahudumu wake walipopita nyumba kwa nyumba kuwashauri watu na kuwapima, walibeba vikompyuta vya mkononi vyenye GPS, wakaandika boma lilipo ili waweze kulirudia. Huko Nairobi nako kampuni iitwayo Flare ilianzisha huduma ya kuziweka ambulensi za wenyewe mbalimbali kwenye ramani moja. Shida kubwa ya Nairobi ilikuwa kwamba ambulensi zipo, ila mgonjwa hupigia hii na ile na nyingine bila kujua ipi iko karibu. Anayepokea simu akiziona zote kwenye ramani, anatuma iliyo jirani.

Kibera, mwaka 2009, vijana wa mtaa walizunguka na vifaa vya GPS mkononi wakachora ramani ya mtaa wao: vyoo, kliniki, shule, mabomba ya maji. Kwenye ramani za kawaida Kibera ilikuwa karibu tupu. Mfano huu tunaupenda kuliko yote, kwa sababu waliofanya kazi ni wenyeji, na walihitaji mafunzo ya siku chache tu.

Namba mbili za kujifunza

Sasa tuingie kwenye kazi yenyewe. Mahali popote duniani pana namba mbili. Ya kwanza inasema uko umbali gani kaskazini au kusini mwa ikweta. Ya pili inasema uko umbali gani mashariki au magharibi mwa mstari unaopita Greenwich, Uingereza. Mji wa Eldoret uko kwenye 0.52, 35.27 hivi.

Tarakimu zinazofuata nukta ndizo zenye kazi. Nyuzi moja ni kilomita kama 111. Ukitaja tarakimu mbili baada ya nukta, umemwonyesha dreva eneo la kilomita moja hivi, yaani kijiji kizima. Ukitaja tatu, umemfikisha kwenye mita 110. Ukitaja nne, umemfikisha kwenye mita 11, na hapo anaona taa ya dirishani kwako. Basi tukubaliane kwamba nne zinatosha. Simu nyingine huonyesha sita au saba, lakini hizo za mwisho ni mapambo tu.

Sisi wa sehemu hizi tuna hatari moja ambayo mtu wa Mombasa hana. Barabara ya Eldoret kwenda Nakuru inavuka ikweta kati ya Timboroa na Mau Summit. Upande wa huku namba ya kwanza haina alama. Ukishavuka, inawekwa alama ya kutoa mbele yake. Ajali ikitokea mahali penye -0.0500 na mtu kwa haraka akataja 0.0500, ambulensi inatumwa kilomita 11 kaskazini ya majeruhi. Na barabara hiyo, pamoja na ukungu wake wa Burnt Forest na Timboroa, tunaijua. Kwa hiyo kila mara sema "kaskazini" au "kusini" kwa mdomo, usitegemee kimstari. Wala usizigeuze namba zenyewe. Ukianza na 35 ukamalizia na 0, umemtuma dreva nchini Algeria.

Kuzipata si kazi. Kwenye simu yenye Google Maps, washa huduma ya mahali, toka nje ya nyumba kwa sababu bati na kuta huzuia setilaiti, ngoja nukta ya buluu itulie, kisha bonyeza kwa muda juu ya nukta hiyo. Namba zitajitokeza. Ni vizuri pia kupakua ramani ya eneo lenu mapema mkiwa na bando, ili siku ya shida ionekane bila intaneti.

Je, wenye mulika mwizi? Hawa ndio wengi katika vijiji vyetu, na hasa ndio akina nyanya wanaobaki na wagonjwa. Mulika mwizi haina GPS. Lakini nyumba haihami! Namba za boma lako leo ndizo zitakazokuwa zake mwakani. Kijana mmoja mwenye simu kubwa anaweza kupita kijijini kwa siku moja au mbili na kuandikia kila boma namba zake kwenye kadi ngumu, ibandikwe nyuma ya mlango pamoja na namba ya simu ya zahanati. Siku ya dharura nyanya anasoma tu: kaskazini, sifuri nukta tano mbili tatu nne; mashariki, thelathini na tano nukta mbili moja nane tano. Aliye upande wa pili arudie alivyosikia, kama vile tunavyorudia namba ya M-Pesa kabla ya kutuma pesa.

Na baada ya namba, yale maelezo yetu ya zamani yarudi: lango la buluu, kando ya msikiti, daraja la mbao limevunjika, pitia juu. Namba humleta dreva hadi karibu, lakini hazijui kwamba daraja lilichukuliwa na maji. Novemba 2019 maporomoko ya udongo huko West Pokot yalipowafunika watu wa Nyarkulian na vijiji jirani, barabara na madaraja yalikatika. Ramani inaweza kuendelea kuonyesha barabara nzuri pale ambapo haipo tena. Mtu wa kijiji asimame barabarani na tochi.

Tusisahau jambo lingine. Mara nyingi anayefika kwanza si ambulensi, ni boda boda. Vijana wa steji wakijua kupokea lokesheni na kuifuata, wanaweza kutangulia, kuongoza ambulensi, au kumleta mkunga.

Traka kwenye gari la kila siku

Kwa wenye magari, pikipiki na matatu, traka imekuwa kitu cha kawaida. Tangu kanuni za Michuki za mwaka 2004 magari ya abiria yalitakiwa yasizidi kilomita 80 kwa saa, na kila mtu anajua jinsi spidi gavana zilivyokuwa zikichezewa. Traka ni ngumu kidogo kudanganya, maana inapima mwendo kwa setilaiti na kuutuma nje ya gari pale pale. Kanuni za mwaka 2014 ziliweka sharti kwamba mabasi ya masafa marefu ya usiku yawe na mfumo wa kurekodi mwendo na mahali. Lakini lazima awepo mtu wa kusoma. Sacco yenye traka kwenye kila gari na hakuna anayezifungua ofisini imenunua taa nyekundu za kupendeza. Na traka haishiki breki. Tarehe 30 Juni 2023 pale Londiani Junction lori liliacha njia likavamia wachuuzi na magari kando ya barabara, watu 52 wakafa. Vifaa vya kuonyesha gari liko wapi haviondoi kazi ya fundi.

Kwa mwenye gari dogo, haya machache. Laini ya traka iwekewe salio kama unavyoweka mafuta. Fundi aifiche mahali ambapo mwizi haoni mara moja, lakini isizibwe na chuma. Traka nyingine zinaweza kuzima injini kwa ujumbe wa simu, na mafundi hulisifia sana jambo hilo. Tahadhari! Kuzima injini ya gari linalokimbia, tuseme kwenye kona za mteremko wa Iten kwenda Tambach, ni kumwondolea aliye ndani nguvu ya usukani na msaada wa breki, na pengine aliye ndani ni mtoto wako aliyetekwa pamoja na gari. Gari lisimame kwanza. Na gari likiibwa, wapelekee polisi lokesheni. Msilikimbize wenyewe na marungu.

Kwa anayeendesha kwa kufuata ramani ya simu, sikiliza sauti, usishike simu mkononi. Tena ramani hupenda njia fupi, nayo njia fupi ya Aprili kwa huku kwetu ni matope hadi magotini. Ramani ya zamani isiyo na barabara mpya ya mchepuko kutoka Cheplaskei hadi Leseru itakupitisha katikati ya mji wa Eldoret bure.

Nani anatazama?

Kuna upande ambao wauzaji hawausemi, nasi katika kazi ya ustawi wa jamii tunakutana nao. Kifaa kinachosema mama yuko wapi ili aokolewe, ndicho hicho kinachosema yuko wapi ili afuatwe na kupigwa. Mwanamke aliyekimbia nyumba ya vita akaenda kwa dada yake, simu yake bado inaweza kuwa inamwonyesha mume lokesheni, kwa sababu iliwashwa siku za amani. Wanaompokea wamsaidie kuizima kabla ya jambo lingine lolote. Dreva aliyeajiriwa naye aambiwe wazi kwamba gari lina traka. Mwenye boda boda ya mkopo aulize kama mkopeshaji amefunga traka, na anaitumiaje. Sheria ya Kenya ya Kulinda Data ya mwaka 2019 inampa mtu haki ya kujua habari zake zinachukuliwa kwa kazi gani, na mahali ulipo ni habari zako.

Sisi wa Eldoret tuna sababu ya kulikumbuka hili zaidi ya wengine. Januari 2008, ghasia zilipowaka baada ya uchaguzi, Wakenya kadhaa walitengeneza mtandao uitwao Ushahidi. Watu walituma habari, nazo zikawekwa kwenye ramani: hapa nyumba zimechomwa, hapa barabara imefungwa. Mwaka 2010 ufundi huo huo ulitumika Haiti baada ya tetemeko la ardhi, kuonyesha waliokwama chini ya vifusi. Ni jambo la kujivunia. Lakini siku zile, maelfu walipokuwa wamejihifadhi kwenye uwanja wa kanisa kuu la Moyo Mtakatifu na kwenye uwanja wa maonyesho, wengine walikuwa wamejificha mashambani au kwa majirani wa kabila lingine. Mahali pa hao wa pili hapapaswi kuwekwa kwenye ramani ya mtu yeyote. Namba za aliyejificha hupewa anayekuja kumwokoa peke yake, kwa simu, na kisha zinafutwa. Kwenye kundi la WhatsApp la watu 200, hapana.

Kazi ya kikundi

Kabla ya mkutano ujao, kikundi kichague watu wawili wenye simu zenye GPS. Wapate namba za zahanati, shule, kanisa, msikiti, steji ya boda boda na kila daraja, wakiandika tarakimu nne baada ya nukta. Halafu wapite kwenye maboma yenye mama mjamzito, mzee anayeishi peke yake au mgonjwa wa muda mrefu, waombe ruhusa, waandike kadi. Asiyetaka asilazimishwe. Juu ya kila kadi iandikwe 999 au 112 kwa polisi, 1199 kwa Msalaba Mwekundu, na simu ya zahanati yenu.

Mkishamaliza, fanyeni jaribio. Chagueni boma moja bila kuwaambia vijana wa steji. Mwenye boma apige simu usiku, asome kadi yake, na mtu mwingine ahesabu dakika hadi pikipiki itakapoingia langoni. Kisha mjadili haya:

Ni wapi dakika zilipotea: kwenye simu, kwenye namba, au kwenye njia yenyewe?

Kama mtandao haupo kijijini kwenu, ni nani mwenye mbio za kupanda kilima, na ni kilima gani?

Nani ataweka daftari lenye namba za maboma yote, na nani haruhusiwi kulifungua?